Shamba la Nabothi: Mwamini na Ulinzi wa Ardhi ya Kijiji



Wapendwa waamini, mwaka juzi niliitwa kuongoza sala ya kumaliza matanga katika mojawapo ya vigango vinavyohudumiwa kutoka Kingerikiti. Marehemu alikuwa baba mwema na mwanakwaya wa siku nyingi. Aliacha mjane na mabinti watatu. Baada ya sala na chakula, wazee wa ukoo walijitenga chini ya mwembe, na kabla ya jua kuzama walikuwa wamekwisha kuandika muhtasari wa kikao chao: mibuni iliyo upande wa juu wa kijito itatunzwa na mdogo wake marehemu kwa niaba ya watoto. Mjane aliletewa karatasi ile aweke dole gumba, naye akaweka.

Baada ya majuma mawili alikuja parokiani akaniuliza swali moja tu: "Baba, mibuni ile tuliipanda mimi na yeye. Je, ningekataa kutia dole ingekuwa dhambi?" Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwapo siku ile. Niliiona karatasi ikipita mikononi mwa watu, nikadhani ni orodha ya rambirambi. Sikuuliza.

Tangu siku hiyo nimeona vema kuandika makala haya. Mara nyingi tunaposikia habari za haki za ardhi, mawazo yetu hukimbilia mbali, kwa makampuni makubwa na mashauri ya kimataifa. Hayo yapo, nami nitayagusa. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ardhi haipotei kwa nguvu. Hupotea kwa karatasi, kwa saini, na kwa kimya cha watu waliokuwapo wakaweza kuuliza wasiulize.

Nabothi alivyodhulumiwa

Maandiko Matakatifu yanalifahamu jambo hili vizuri kuliko tunavyodhani. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, mfalme Ahabu analitamani shamba la mizabibu la Nabothi lililo karibu na ikulu yake. Anatoa masharti ambayo kwa macho ya kibiashara ni mazuri: shamba lingine lililo bora zaidi, au fedha taslimu. Nabothi anakataa, si kwa sababu bei ni ndogo, bali kwa sababu shamba lile ni urithi wa baba zake. Kwake ardhi haikuwa bidhaa. Ilikuwa ni uhusiano na Mungu aliyewapa wazee wake, na wazee waliomwachia yeye.

Tuangalie sasa namna shamba lilivyochukuliwa. Malkia Yezebeli hakutuma askari. Aliandika barua kwa jina la mfalme na kuzipiga muhuri. Aliitisha kikao cha hadhara. Aliandaa mashahidi wawili wa uongo. Na jambo linalohuzunisha kupita yote ni kwamba wazee na wakuu wa mji, majirani wa Nabothi mwenyewe, walitenda kama walivyoagizwa. Barua, muhuri, kikao, mashahidi na wazee: vyombo vyote vilivyowekwa ili kulinda haki vilitumika kuiua. Ndipo Mungu anamtuma nabii Eliya kwenda kumkabili mfalme akiwa ndani ya shamba lile lile.

Mstari huu unapita katika Biblia nzima. Kitabu cha Walawi (rej. 25:23) kinafundisha kwamba ardhi ni mali ya Mungu, na sisi sote tu wageni na wapangaji wake. Torati inamlaani mtu anayesogeza mpaka wa jirani yake (rej. Kum 27:17). Kitabu cha Mithali kinaonya juu ya kuingilia mashamba ya yatima, kwa maana anayewatetea ni mwenye nguvu (rej. Mit 23:10-11). Na katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 27, mabinti watano wa Selofehadi wanasimama mbele ya Musa na mbele ya mkutano wote kudai fungu la baba yao aliyefariki bila mtoto wa kiume. Musa anapeleka shauri lao kwa Bwana, na Bwana anasema mabinti wana haki. Yafaa kikao cha ukoo kilichokaa chini ya mwembe kisome sura hiyo.

Mafundisho ya Kanisa

Mafundisho Jamii ya Kanisa yanajengwa juu ya nguzo mbili mintarafu ardhi. Nguzo ya kwanza ni kwamba mali ya dunia imekusudiwa kwa ajili ya watu wote. Nguzo ya pili ni kwamba mtu na familia wana haki ya kumiliki, ili waishi kwa heshima na jasho lao lisipotee. Papa Leo wa XIII aliitetea haki hiyo ya pili katika waraka Rerum novarum wa mwaka 1891. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et spes (na. 69), ulizifungamanisha nguzo hizo mbili na kutambua pia mila za jamii ambazo humiliki mali kwa pamoja ili kila mwanajamii apate mahitaji yake.

Papa Fransisko, katika waraka Laudato si' wa mwaka 2015 (na. 146), alifundisha kwamba kwa jamii za watu wa asili ardhi si bidhaa ya sokoni, bali ni zawadi ya Mungu na ya wahenga waliozikwa humo, na kwamba jamii hizo zinapobaki katika ardhi yao ndizo huitunza vema zaidi. Kabla yake, Papa Benedikto wa XVI, katika wosia wa kitume Africae munus aliotia sahihi huko Ouidah, nchini Benin, Novemba 2011, alilitaka Kanisa la Afrika lipaze sauti pale utajiri wa bara hili unapoporwa huku wenyeji wakibaki maskini. Kwa hiyo padre au katekista anayezungumzia ardhi haachi Injili na kuingia katika siasa. Anaitangaza Injili mahali ambapo watu wanaishi.

Ardhi si udongo mtupu

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni ulipitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1966, na Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976. Unataja haki ya kufanya kazi, haki ya chakula, makazi, afya, elimu, na haki ya kushiriki katika utamaduni. Neno "ardhi" halipewi ibara yake katika orodha hiyo. Lakini mwaka 2022 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo ilitoa ufafanuzi maalumu juu ya ardhi, kwa sababu haki hizo zote huikanyaga.

Watu wa vilima hivi hawahitaji kamati kuwaeleza hayo. Wamatengo, waliojikusanya milimani katika karne ya 19 wakikimbia vita vya Wangoni, walijifunza kuishi juu ya miteremko mikali kwa kilimo cha ngoro. Nyasi hufyekwa na kupangwa kwa miraba, udongo hufukiwa juu yake, na katikati hubaki mashimo yanayonasa maji ya mvua na kuzuia mmomonyoko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na wenzao kutoka Japani, waliuchunguza utaalamu huu katika miaka ya 1990 na kuusifu. Mgongo wa mlima uliopakana na vijito ulikuwa ntambo, ardhi ya ukoo mmoja. Watu wa ntambo walikutana katika sengu, wakala pamoja, wakasuluhisha migogoro na kuwafunza vijana. Kwa hiyo mtu akipoteza ntambo hapotezi ekari tu. Anapoteza shule, mahakama na meza ya chakula.

Kwa ndugu zetu Wanyasa, Wampoto na wengine wa mwambao, mambo ni hayo hayo kwa sura nyingine. Fukwe ambapo mitumbwi huvutwa na dagaa huanikwa hazina jina la mtu mmoja, lakini ndizo zinazolisha kaya nyingi. Chemchemi ya kijiji, msitu wa kuokota kuni na dawa, makaburi ya wazee: vyote hivi ni ardhi, na vyote huwa rahisi kuchukuliwa kwa sababu hakuna anayesema "ni yangu".

Nani huitwa "watu wa asili"?

Swali hili huulizwa mara nyingi. Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili lilipitishwa tarehe 13 Septemba 2007, na Tanzania ililiunga mkono kwa kura yake. Hata hivyo, msimamo wa Serikali umekuwa kwamba Watanzania wote Waafrika ni wenyeji wa nchi hii, na sheria zetu hazitambui kundi moja kuwa la asili kuliko jingine. Wanaotumia jina hilo kwa maana ya pekee hutaja hasa Wahadzabe, Waakie, Wabarbaig na Wamaasai, ambao maisha yao ya uwindaji au ufugaji yamebanwa zaidi kuliko ya wengine.

Tuna mengi ya kujifunza kwao. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipewa hati ya kimila ya pamoja kwa ardhi inayokaribia hekta 20,000. Hati ile haikutolewa kwa mtu mmoja mmoja, bali kwa jamii nzima, kwa kuwa wawindaji na waokota matunda hawagawani pori kwa viwanja. Nchini Kenya, Waendorois walioondolewa kandokando ya Ziwa Bogoria katika miaka ya 1970 ili kupisha hifadhi walipata ushindi mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka 2010. Waogiek wa msitu wa Mau walishinda katika Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha tarehe 26 Mei 2017, na mwaka 2022 mahakama hiyo ikaamuru walipwe fidia na wapewe hati ya pamoja ya ardhi yao. Utekelezaji wa hukumu hizo umekuwa wa polepole, na hilo nalo ni fundisho: hukumu njema baada ya kufukuzwa ni afadhali kuliko dhuluma, lakini ulinzi kabla ya kufukuzwa ni bora kuliko hukumu.

Sheria ya nchi yetu inasemaje?

Nimekutana na waamini wengi wanaoamini kwamba asiye na hati hana haki. Si kweli. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri lililoanzishwa na mkulima wa wilaya ya Mbulu ya wakati ule pamoja na mwanawe, iliamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali halisi inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Wanaoishi kwa haki hiyo si wavamizi katika nchi yao.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, iliyajenga mambo kwa uwazi zaidi. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, nayo pia kama mdhamini, si kama mwenye mali. Hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa mjini. Yafuatayo ni mambo manne ambayo kila mwamini mtu mzima anapaswa kuyafahamu.

Kwanza, Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwenyekiti peke yake hawezi, wala Mtendaji peke yake hawezi. Mkutano Mkuu ni wakazi wote wa kijiji waliotimiza miaka 18, mjane na kijana wakiwemo.

Pili, ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kwa ajili ya mradi au uwekezaji, kijiji ni lazima kielezwe na kisikilizwe. Eneo lisilozidi hekta 250 linahitaji kibali cha Mkutano Mkuu wenyewe. Eneo linalozidi hapo huamuliwa na Waziri baada ya kuzingatia mapendekezo ya kijiji. Fidia yapaswa kuwa kamili, ya haki na ya wakati, na aina yake, kiasi chake na muda wa kulipwa hukubaliwa kabla ardhi haijahama.

Tatu, mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu nafasi halali ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili kwa kadiri inavyomnyima. Haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Tangu mwaka 1990 Mahakama Kuu iliyoketi Mwanza ilikwisha kuamua kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki juu yake sawa na mwanamume. Nayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Pamoja na hayo, kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963 bado hutumika kumweka mjane pembeni, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwa kuwapa haki wajane wawili wa Kitanzania walionyimwa urithi kwa kanuni hizo. Kazi haijaisha.

Nne, kila kijiji kinapaswa kuwa na Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Shauri lisiposuluhishwa hapo hupanda kwenye Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 nalo hufanya usuluhishi tu, na halitoi tena hukumu. Likishindikana hapo ndani ya siku 30, mhusika anaweza kwenda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na asichelewe mno: sheria ya ukomo wa madai inaweka miaka 12 kudai ardhi iliyochukuliwa.

Milango ambayo ardhi hutokea

Mlango wa kwanza ni familia yenyewe. Tunawalaumu wageni, lakini mashauri mengi yanayofika ofisi ya parokia ni ya ndugu kwa ndugu. Kikao cha ukoo baada ya matanga kina uzito kisheria, kwa maana muhtasari wake hupelekwa Mahakama ya Mwanzo ili kumteua msimamizi wa mirathi. Ndiyo maana karatasi ile ya chini ya mwembe haikuwa jambo dogo. Msimamizi wa mirathi si mrithi. Ni mtumishi wa warithi. Akijigeuza mrithi, anastahili kushtakiwa hata kama ni baba mdogo mwenye mvi.

Mlango wa pili ni kuuza kwa haraka. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye kilomita zipatazo 66, imeleta baraka ambayo wazee wetu waliingojea kwa miaka mingi. Bandari mpya ya Mbamba Bay nayo inafungua mwambao kwa biashara na utalii. Maendeleo haya ni mema. Lakini barabara inapofika, bei ya ardhi hupanda na mnunuzi hufika kabla ya habari. Kijana anauza shamba la pembe ya ziwa kwa bei ya pikipiki, na baada ya miaka miwili pikipiki imekufa, naye ni kibarua katika shamba lililokuwa la babu yake. Tena ifahamike kwamba, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, eneo la mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto limewekewa ulinzi. Anayeuziwa hapo na anayeuza hapo wote wanajitafutia mgogoro.

Mlango wa tatu ni miradi mikubwa. Wilayani Mbinga tunaufahamu mgodi wa makaa ya mawe wa Ngaka, katika kijiji cha Ntunduwaro, ambao ulianza uchimbaji mwaka 2011 kwa ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni kutoka Australia. Sheria inasema madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya taifa. Hivyo mwanakijiji hawezi kusema makaa ni yake. Lakini nyumba, mazao, makaburi na haki ya kutumia uso wa ardhi ni vyake, na mwenye leseni hawezi kuvipita bila kufuata taratibu za fidia. Kijiji ambacho mipaka yake imepimwa na wanakijiji wake wana kumbukumbu za maandishi huongea na mwekezaji kwa sauti nyingine kabisa.

Mlango wa nne ni kimya. Kwa utaratibu Mkutano Mkuu wa Kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu. Tujiulize kwa unyofu: katika mikutano minne ya mwaka uliopita, tulihudhuria mingapi? Watu wachache tu wakikaa kwenye mkutano wa kijiji chenye watu wazima 1,000, maamuzi yao yanaweza kuitwa maamuzi ya kijiji. Kisha sisi tuliokuwa shambani au kilabuni tutashangaa kuona vigingi vyenye rangi nyekundu karibu na chemchemi.

Kanisa nalo lijichunguze

Haifai kuwahubiria wengine tukijiacha nje. Tangu Wabenediktini walipofika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka uliofuata, Kanisa limepokea maeneo mengi kutoka kwa wazee wa nchi hii kwa ajili ya makanisa, shule na zahanati. Sehemu nyingine zilitolewa kwa neno la mdomo, kwa imani tu, na waliotoa na waliopokea wote wamekwisha kulala. Leo wajukuu wanauliza mpaka uko wapi. Mahali pengine kigango kimeegemea shamba la jirani. Mahali pengine jirani amelima hadi ukutani mwa sakristia.

Njia ya Kikristo si kung'ang'ania wala si kuachia ovyo. Ni kukaa na majirani, kuwaita wazee wanaokumbuka, kupanda alama za mpaka mbele ya wote, na kuandika. Ikionekana tumezidisha, turudishe, kama Zakayo alivyofanya. Halmashauri ya Walei ya parokia isiyojua mipaka ya kiwanja cha kanisa haitakuwa na ujasiri wa kumsaidia mjane kujua mipaka ya shamba lake.

Tufanye nini katika Jumuiya zetu?

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbukumbu ya wazee ni hazina, lakini kila mazishi huondoka na ukurasa wake. Kwa hiyo ninapendekeza mambo machache ambayo hayahitaji fedha nyingi.

Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo itenge siku moja katika kipindi cha Kwaresima kusoma sura ile ya Nabothi, kisha ijadili mipaka na urithi wa kaya zake. Wazee wazungushwe mashambani wakiwa na vijana wenye simu na kalamu, waoneshe miti na mawe ya mpaka, na majirani wa pande zote wawepo. Maandishi hayo si hati, lakini ni ushahidi utakaorahisisha hati.

Kijiji kikiwa na cheti cha ardhi ya kijiji na masijala yake, familia ziombe Hati ya Hakimiliki ya Kimila kupitia Halmashauri ya Kijiji, na majina ya mume na mke yaandikwe yote mawili. Katika mafundisho ya ndoa tunawaambia wachumba kwamba watakuwa mwili mmoja. Mwili mmoja wawezaje kuwa na hati ya nusu? Kwa chemchemi, misitu na makaburi, kijiji kiyaandikishe kuwa ardhi ya jumuiya, na maeneo hayo yaoneshwe katika mpango wa matumizi ya ardhi.

Akina mama wa WAWATA na akina baba wa UWAKA wakubaliane jambo moja: hakuna mjane atakayetia saini au dole gumba katika karatasi yoyote kabla haijasomwa kwa sauti mbele ya watu wawili anaowaamini yeye mwenyewe, na kabla siku 40 za majonzi hazijapita. Akisema "nitafikiri kwanza", asiitwe mkaidi. Katekista na padre walioko msibani waulize bila aibu: karatasi hii ni ya nini?

Hatimaye, tuhudhurie Mkutano Mkuu wa Kijiji. Jumuiya zetu huandika majina ya waliokosa sala ya Jumamosi. Sioni ubaya zikikumbushana pia juu ya mkutano huo. Kuketi pale, kusikiliza, kuomba muhtasari usomwe na kupiga kura kwa dhamiri ni tendo la upendo kwa jirani. Naye asiyekubaliana na maamuzi afuate mabaraza na sheria. Tusimwage damu ya ndugu kwa ajili ya mpaka, wala tusichome nyumba ya mtu. Nabothi aliteswa kwa uongo; haki yake haiwezi kutetewa kwa uongo mwingine.

Tamati

Huenda mnapenda kujua mambo ya mjane yule yaliishaje. Nilimjibu kwamba kukataa kusingekuwa dhambi, na kwamba dhambi ya kutouliza ilikuwa yangu. Tulikwenda pamoja kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Majirani wawili, mmoja wao si Mkatoliki, walisimama wakashuhudia kwamba walimwona akichimba mashimo ya mibuni ile akiwa na mtoto mgongoni. Baraza likasuluhisha: mibuni iliyo karibu na nyumba imebaki kwake na kwa mabinti zake, imeandikwa, na wahusika wametia saini. Ile ya juu ya kijito bado inabishaniwa, na shauri limepanda kata. Msimu huu amevuna nusu ya alichokuwa akivuna zamani. Binti mkubwa amerudi shule; wa pili anangoja.

Hiyo ndiyo sura ya haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni katika vilima vyetu: ni ada ya binti wa pili. Tumwombe Mungu, mwenye ardhi yote, atupe moyo wa mabinti wa Selofehadi wa kusimama mbele ya mkutano na kuuliza, na moyo wa Musa wa kupeleka shauri lao mbele zake badala ya kulifunika. Na siku karatasi itakapopita mikononi mwetu msibani, atujalie tuisome.